Mhudumu Hakuja Leo

Kaa na wenye migahawa watatu popote pale, iwe Kariakoo, Mwanjelwa au Arusha mjini, na kabla chai haijapoa mtakuwa mmeshafika kwenye habari ya wafanyakazi. Mmoja atakuambia mhudumu wake kaenda msibani na hajarudi, simu haipatikani. Wa pili atasema binti aliyemfundisha kila kitu kahamia hoteli ya upande wa pili wa barabara kwa nyongeza ya shilingi 20,000. Wa tatu atahitimisha kwamba siku hizi wafanyakazi hakuna. Anayasema hayo huku nje ya geti lake kuna vijana wanaulizia kazi tangu asubuhi, na wote mnajua anachomaanisha: watu wapo tele, wa kutegemewa ndio wa kutafuta kwa tochi.

Mteja hayajui hayo na hana sababu ya kuyajua. Anachokiona ni hiki. Saa sita na nusu mchana, watu wa ofisini wana saa moja tu ya kula. Mhudumu mmoja ana meza tisa. Mteja anauliza kama kuna makange ya kuku, anajibiwa "yapo" na mtu ambaye hajaingia jikoni tangu saa nne. Dakika ishirini baadaye anarudi kusema makange yameisha, labda samaki. Samaki anakuja bila limao na bila maji ya kunawa. Bili inatajwa kwa mdomo, noti ya 10,000 inapelekwa kaunta na inapotelea huko. Mteja anainuka mwenyewe kuifuata, na keshia anamuuliza bila hata kuinua macho, "Huna mia tano?"

Hapo hakuna aliyemtukana mtu. Mhudumu hana kiburi na jikoni hakuna mvivu, ila wamezidiwa. Tofauti kati ya kiburi na kuzidiwa ni kubwa, na mwenye biashara anatakiwa aijue kabla hajaanza kufoka. Namna rahisi ya kuijua ni kumwangalia mfanyakazi huyohuyo saa tatu asubuhi, kukiwa na wateja watatu wa supu. Akiwa mchangamfu saa tatu na akanuna saa saba, tatizo si tabia yake. Akiwa amenuna saa tatu pia, tutazungumza habari zake mbele kidogo.

Ushauri wangu kwa mwenye mgahawa aliyepungukiwa na watu unaanzia mahali ambapo wengi hawapapendi: punguza unachouza mpaka kiwatoshe watu ulionao. Mishahara, mafunzo na nidhamu vina nafasi yake na nitavifikia, lakini hakuna hata kimoja kitakachokusaidia leo mchana. Leo mchana kinachokuua ni ule ubao wa vyakula ishirini na nne ulioandikwa siku ulipokuwa na wapishi wanne.

Chukua karai la chipsi. Tuseme linakaanga sahani nne kwa dakika 12, yaani sahani 20 kwa saa. Wakiingia watu 30 wa chipsi kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu, karai halitaongezeka ukubwa kwa sababu wewe umewaambia wote "inakuja". Wa mwisho atapata sahani yake saa nane na dakika zake, akiwa amekaa zaidi ya nusu saa anapiga miayo. Ukileta mhudumu wa ziada siku hiyo hujasaidia kitu. Umeongeza mtu wa kusimama mlangoni mwa jikoni na kuuliza "bado?" Wenye migahawa wengi huajiri watu wa mbele wakati kinachokwama kiko nyuma, halafu wanashangaa mishahara imepanda na malalamiko yako palepale.

Vyakula vya sufuriani havina shida hiyo. Wali, maharage, ugali, mchuzi wa nyama, mboga za majani, pilau ya Ijumaa: mtu mmoja mwenye upawa na akili timamu anawapakulia watu 30 na hawaoni wamechelewa. Kwa hiyo siku mpishi mmoja hajaja, bakiza vya sufuriani, ongeza kimoja tu cha kupikwa kwa oda, kile kinachotoka zaidi, na vingine vyote vifute. Nasema vifute, kwa kitambaa kibichi, visionekane kabisa. Kubandika karatasi ya "hakipo" juu ya kila jina kunamfanya mteja asome orodha ya mambo anayokosa. Kama una menyu za kurasa nyingi zilizotiwa laminesheni, ziweke chini ya kaunta siku hiyo na umpe mteja karatasi moja yenye vyakula vitano. Utakosa mauzo ya makange na ya kuku wa kuchoma. Ni kweli, na inauma. Lakini mteja aliyekosa makange akala wali moto kwa dakika saba kesho anarudi, na yule aliyeyasubiri makange mpaka akachelewa kazini anawatangazia ofisi nzima.

Viti pia viondoe. Hili huwa gumu zaidi kwa sababu meza zilizojaa ni fahari. Lakini mhudumu mmoja mwenye meza tisa anahudumia meza tano na nne zilizobaki anazitesa. Zikunje, zisukume pembeni, na anayeingia akute amepungukiwa nafasi badala ya kukaa akapuuzwa. Mteja aliyeambiwa mlangoni, "Mama, nipe dakika kumi nikupe meza," ataamua mwenyewe kubaki au kwenda. Aliyekwisha kukaa na kupuuzwa hana la kuamua, anakasirika tu.

Mwaka 1985 mtaalamu wa biashara David Maister aliandika kuhusu jinsi watu wanavyohisi wanaposubiri, na mengi aliyoyasema yanaonekana kwenye kila mgahawa wetu. Kusubiri usikojua mwisho wake kunachosha kuliko kusubiri ulikotajiwa muda. Kusubiri bila kuelezwa sababu kunachosha kuliko kusubiri ulikoelezwa. Na muda wa kabla ya kuanza kuhudumiwa huonekana mrefu kuliko ule wa katikati ya huduma. Hili la mwisho sisi tuna dawa yake tangu zamani: birika la maji ya vuguvugu na beseni. Mteja aliyenawishwa amehesabu kwamba ameshaanza kula. Ukimnawisha dakika ya pili na chakula kikaja dakika ya kumi na tano, yuko tayari kukusamehe. Ukimwacha na mikono mikavu dakika kumi na tano kisha ukamletea maji na sahani kwa pamoja, tayari ana neno moyoni. Najua siku hizi wengi wameweka sinki la kunawia ukutani. Ni zuri na ni safi, ila birika lililokuwa likija mezani lilikuwa na kazi nyingine ambayo sinki haliwezi, na ukiwa umeliondoa inabidi uijaze nafasi yake kwa kitu, hata chupa ya maji ya kunywa na salamu.

Kwenye maneno, sitakushauri uwapeleke wahudumu semina ya kutabasamu. Wafundishe mambo mawili na uyasimamie kila siku. La kwanza, hakuna kusema "kipo" mpaka umehakikisha. Tundika ubao mdogo na chaki mlangoni mwa jikoni, mpishi aandike kilichoisha saa ileile kinapoisha, na mhudumu ausome kila anapopita. La pili, muda utajwe kwa dakika, na ziongezwe kidogo. Kama samaki anachukua dakika 20, sema 25. Akija kwa 20 umemfurahisha mtu bure. "Sasa hivi" na "inakuja" zipigwe marufuku, maana zimeshadanganya watu wengi mno katika nchi hii hata hakuna anayeziamini.

Habari ya chenji ni aibu yetu sote na haihusiani kabisa na uhaba wa wafanyakazi, ingawa wao ndio wanaotukanwa. Keshia akianza siku bila sarafu za 500 na noti za 1,000 na 2,000, kosa ni la bosi aliyezoa kila kitu jana usiku. Acha fungu la chenji kwenye droo, kiasi kilekile kila asubuhi, na lihesabiwe mbele ya keshia. Bandika lipa namba kwenye kila meza, siyo kaunta peke yake, ili mteja mwenye haraka alipe akiwa amekaa na mhudumu asitembee safari mbili kwa ajili ya noti moja. Hizo safari mbili, ukizizidisha kwa wateja wa mchana mzima, ni sawa na nusu ya mhudumu uliyekuwa unamtafuta.

Kwa walio karibu na ofisi, oda za mapema zinaokoa sana. Namba moja ya WhatsApp, orodha ya leo inatumwa saa tatu asubuhi, oda zinafungwa saa nne na nusu, na anayeoda anachagua chakula chake kiwe tayari saa sita na nusu au saa saba. Kikubwa hapa ni kwamba umewapanga watu kwa makundi mawili badala ya wote kukumiminikia dakika moja. Simu hiyo akae nayo mtu mmoja anayejulikana. Ikizunguka mikononi mwa kila mtu, oda zitapotea na utakuwa umeongeza lango jingine la malalamiko.

Sasa tuje kwa hao wafanyakazi wenyewe, na tuanze na jambo ambalo mteja wa kawaida halijui. Katika baa nyingi mhudumu haajiriwi kubeba vinywaji tu. Anakabidhiwa, au anatafuta mwenyewe, pesa kidogo ya mtaji. Anainunua bia kaunta kwa pesa hiyo na anaileta mezani kukuuzia. Kaunta imeshapata chake. Ukinywa bia tatu ukaondoka kupitia mlango wa maegesho, aliyeibiwa ni yeye. Ndiyo maana anataka umlipe kabla hujafungua chupa, ndiyo maana anazungukazunguka meza yako kama askari, na ndiyo maana chenji yako haina haraka ya kurudi, kwa sababu imegeuka mtaji wa meza ya jirani. Mteja anaiita huduma mbovu. Yeye analinda mfuko wake. Mwenye baa ambaye ameuweka utaratibu huu kisha analalamika wahudumu hawana ukarimu anataka vitu viwili visivyokaa pamoja.

Kwenye migahawa utaratibu huo unakuja kwa sura ya makato. Sahani imevunjika, kata. Mteja kakimbia bili, kata. Glasi imepotea na haijulikani imepotea zamu gani, wakatwe wote. Mwisho wa mwezi mtu aliyeahidiwa 200,000 anapokea 140,000 na maelezo ya mdomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inazungumzia hili kwa uwazi katika kifungu cha 28. Kukata mshahara kwa ajili ya hasara kunahitaji mfanyakazi awe ameridhia kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, apewe kwa maandishi sababu na hesabu ya deni, apate nafasi ya kuipinga, makato yasizidi hasara halisi, na kwa ujumla yasipite robo ya mshahara wake. Kuwakata wote kwa glasi moja hakumo humo. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, isomeni pia.

Lakini hata tukiiacha sheria pembeni, hesabu yenyewe ni mbaya. Sahani ina bei ya sahani. Mhudumu aliyeondoka kwa hasira ya sahani anakugharimu siku za kutafuta mwingine, wiki za mgeni anayechanganya meza namba nne na namba saba, na wateja watakaoondoka katika wiki hizo. Tenga fungu dogo la vitu vya kuvunjika kila mwezi, kama unavyotenga la gesi na mkaa, na nunua sahani za melamini kama za udongo zinakuuma kiasi hicho.

Uhaba wa watu wa kutegemewa si ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 1913 kiwanda cha Henry Ford kule Highland Park, Marekani, kiliajiri watu zaidi ya 50,000 katika mwaka mmoja ili kubaki na wafanyakazi wapatao 14,000, kwa jinsi walivyokuwa wakiingia na kutoka. Januari 1914 Ford akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, takribani mara mbili ya yaliyokuwepo, akapunguza zamu kutoka saa 9 hadi 8. Foleni ya waombaji ikajaa getini, na waliokuwa ndani wakapunguza sana kuondoka. Hakuwa mtakatifu, maana alituma wakaguzi wake mpaka majumbani kuangalia kama wafanyakazi wanaishi anavyotaka yeye. Alichokuwa anakinunua ni watu kurudi kesho, na alikiona ni rahisi kuliko kuwatafuta upya.

Wewe huna fedha za Ford. Lakini kuna kitu chenye thamani inayokaribia mshahara mkubwa, nacho kiko ndani ya uwezo wa karibu kila mwenye mgahawa: tarehe. Mfanyakazi anayelipwa 180,000 kila tarehe 30 bila kukosa anaweza kupanga kodi ya chumba, ada na mchezo wa upatu. Anayeahidiwa 230,000 zinazokuja kwa mafungu, "chukua hii elfu hamsini kwanza, tutaonana Jumatatu", hawezi kupanga lolote, na atakuwa na sikio moja nje ya geti muda wote. Ukitaka watu wanaotimiza saa ya kuingia, anza kwa kuitimiza siku ya kulipa. Kima cha chini cha mshahara kinatangazwa na serikali kwa amri na hubadilika, kwa hiyo angalia amri inayotumika sasa kwa sekta yako kabla hujampa mtu namba. Mwandikishe NSSF. Mpe karatasi inayoeleza kazi yake, saa zake na malipo yake, hata kama ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa kalamu na mkasaini wote wawili. Wengi wanaikwepa karatasi wakidhani inamlinda mfanyakazi tu, hadi siku wanapoitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na hawana cha kuonyesha.

Saa za kazi ndizo zinazoondoa watu kimyakimya. Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Mtu aliyefungua saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya supu na chapati hawezi kuwa ndiye anayefunga saa nne usiku, halafu ukategemea akamsemeshe vizuri mteja wa mwisho. Kuna pia ile safari ya kurudi nyumbani ambayo mabosi wenye magari huisahau. Zamu ikiisha saa tano usiku daladala zimeshapungua na bodaboda inakula sehemu nzuri ya alichokipata siku hiyo. Mpatie nauli ya usiku, au zamu za usiku wapange wanaokaa karibu, au funga mapema. Wasichana wengi mnaosema "wametoroka tu bila sababu" wameichoka ile barabara ya gizani.

Katika yote, kosa ninaloliona linaharibu migahawa mizuri kuliko jingine lolote ni hili la kumwadhibu anayetegemewa. Haliitwi adhabu, linaitwa kumwamini. Yeye hakosi, kwa hiyo mwenzake asipokuja ndiye anayepigiwa simu siku yake ya mapumziko. Yeye ni mwaminifu, kwa hiyo ndiye anayekaa kaunta, anayepokea mzigo wa soda, anayemfundisha mgeni, anayebaki mpaka hesabu ifungwe. Mvivu anaondoka saa kumi na mshahara uleule. Baada ya miezi kadhaa dada huyu anaanza kujibu kwa mkato, kisha anachelewa, kisha siku moja haji, na bosi anasimulia kwa uchungu kwamba hata yule naye kabadilika. Kama unaye mtu wa namna hii sasa hivi, fanya mambo matatu wiki hii kabla ya jingine lolote. Mpe siku yake ya mapumziko na usimpigie simu hata kama jiko linaungua. Kila jukumu la ziada alilobeba liwekee bei, hata kama ni 1,000 kwa siku ya kaunta, ili aone kwamba limeonekana. Na mzembe ambaye amekuwa akimfunika, zungumza naye ana kwa ana, mpe onyo la maandishi, na asipobadilika fuata utaratibu umwachie aende. Kubaki na upungufu wa mtu mmoja huku ukipunguza menyu kunavumilika. Kubaki na mzembe anayemchosha mwema kutakuacha huna wote wawili.

Kuhusu kuajiri nina maneno machache. Usiajiri siku uliyokwama. Siku hiyo kila anayepita anaonekana anafaa. Badala yake jenga orodha yako ya deiwaka, kama makondakta wa daladala wanavyofanya: watu wanne au watano wanaokaa karibu, kila mmoja ameshafanya kazi kwako siku moja au mbili za kulipwa wakati hakuna haraka, anajua sahani zinakaa wapi na meza zinahesabiwa kuanzia upande gani, na akiitwa analipwa jioni ileile. Kutoka orodha hiyo ndipo ajira ya kudumu itoke, kwa sababu umeshamwona mtu akifanya kazi. Vyuo vya VETA na Chuo cha Taifa cha Utalii vina wanafunzi wanaotafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo. Wapokee kama wanafunzi, wasigeuzwe wafagiaji wa bure, na utapata wawili watatu watakaotaka kubaki. Na waangalie pia wamama wa miaka arobaini na kitu, ambao matangazo yetu ya "anahitajika msichana mrembo umri miaka 18 hadi 25" yanawafungia nje. Wamelea, wamepika shughuli za mtaa, wanajua kumtuliza mtu mzima mwenye njaa. Nimewaona wakiendesha ukumbi wa watu arobaini bila kupandisha sauti. Ndugu wa damu waje mwisho. Siyo kwamba hawafai, ila siku unayotakiwa kumwonya mtoto wa shangazi, kikao kitafanyika kijijini.

Mteja akishakasirika, mambo mawili yanaharibu zaidi. La kwanza ni kumgombeza mhudumu mbele yake. Bosi anadhani anamfurahisha mteja, kumbe amemtia mteja aibu na amempotezea mhudumu uso wa kuhudumia meza zilizobaki. La pili ni maelezo marefu: mpishi anaumwa, gesi iliisha, umeme ulikatika asubuhi. Nenda mezani mwenyewe. Kama ni mtu mzima mwamkie kwanza. Kisha sema kilichotokea kwa sentensi moja, sema utakachofanya na baada ya dakika ngapi, na kama chakula kimechelewa kupita kiasi, usichukue pesa ya kinywaji. Kinywaji kinakugharimu kidogo na kinakumbukwa. Kufuta bili nzima kwa kila anayepiga kelele nako ni kosa, maana wenye kelele watazidi, na wale wastaarabu waliosubiri kimya wataona.

Na wewe bosi siku ya upungufu uwe ukumbini. Nimeshangaa mara nyingi kuona mwenye mgahawa amekaa meza ya pembeni na simu mbili, anaita, "We dada, huoni mteja pale?" Miguu anayo. Kuokota sahani tatu na kufuta meza hakumshushi mtu, na wafanyakazi wanaiona.

Bado kuna suala la Desemba, na ni vizuri lipangwe kabla halijafika. Kila mwaka watu wanataka kwenda kwao, Moshi, Iringa, Bukoba, Singida, na mikoani mvua zikianza wengine wanaitwa kulima. Hii haifichiki, iko kwenye kalenda, lakini kila mwaka inatukuta kama ajali. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Usingoje aombe tarehe 20 Desemba akiwa ameshakata tiketi. Mwishoni mwa Septemba tundika karatasi, kila mtu aandike anataka kuondoka lini na atarudi lini. Wakigongana, anayeondoka mwaka huu kwa Krismasi mwakani anabaki, na atakayebaki alipwe posho ya kueleweka. Waislamu na Wakristo wakiwa mchanganyiko mzuri wanabadilishana Idi na Krismasi wenyewe bila bosi kuingilia. Nusu ya nauli ya kurudi mlipe akiwa hapa kabla hajaondoka, nusu iliyobaki aipate siku anayoripoti. Anayekuambia wazi kwamba harudi, mshukuru, mlipe chake chote siku yake ya mwisho, na muulize kama ana mdogo wake au jirani anayemwamini. Mara nyingi anaye.